Chumvi Iliyolowa Mno

Ukungu ulionekana Jumatatu, saa tatu asubuhi, rafu ya chini kabisa, kwenye kisanduku cha jaji mstaafu. Mizani alikivuta, akafungua kifuniko, akainama bila kugusa kitu. Biri ishirini na nne zilikuwa zimelala safu mbili kama alivyozipanga mwenyewe, na tisa kati yake zilikuwa na madoa meupe yenye manyoya.

Biri za klabu ile hazikuwa sigara za kununua moja moja kibandani. Zilikuwa nene kama kidole gumba, zimeviringishwa kwa mkono kwa majani mazima ya tumbaku, na wanachama walizihifadhi kwa miaka ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye kuta za mbao za mwerezi. Hewa ya chumba hicho ilitakiwa iwe na unyevu wa asilimia sabini. Ukipungua, biri hukauka na kupasuka, ukizidi, huota. Kuhakikisha haupungui wala hauzidi ilikuwa kazi ya Mizani, na alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa.

Jina hilo alipewa na wapishi wa klabu. Hakuwa mtu wa kusema “kama” wala “labda”. Ukimwuliza saa, alikupa na dakika. Ukimwambia kuna joto, alikuuliza nyuzi ngapi. Yeye aliona amesifiwa. Wapishi walijua walichokuwa wanasema.

“Shemeji,” aliita, “njoo uone.”

Msaidizi wake alikuwa mume wa dada yake mdogo. Kabla ya kuja hapo alikuwa amekaa miaka minne akiokota vibarua vya hapa na pale, na Mizani ndiye aliyemleta kwa meneja na kusema, “Huyu namjua,” maneno ambayo hakuwa ameyasema juu ya mtu mwingine yeyote. Sasa ulikuwa mwaka wa sita. Shemeji alifuta rafu na vioo, na kila wiki alitia maji kwenye trei za sponji zilizokipa chumba unyevu wake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko vya karibu, na Mizani, ambaye hakuwa na vyote viwili, alimvumilia kama mtu anavyovumilia redio ya jirani.

Shemeji alikuja na kitambaa begani, akachungulia, akapiga mluzi. “Jaji kaota ndevu.”

“Si jambo la mzaha.”

“Nani kafanya mzaha? Nimesema ninachokiona. Au ndiyo ule unga wa mafuta, ule unaotoka biri ikikomaa?”

“Unga ule hulala sawasawa juu ya biri nzima, kama poda, na hauna nywele. Huu una nywele, umekaa madoa madoa, na katikati ni kijani. Ni ukungu.”

“Basi tuufute kabla mwenyewe hajafika.”

“Kwanza nijue umetoka wapi.”

Meneja alipoletewa kisanduku alikitazama kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa panya. Alikuwa mtu wa hoteli, hakuwa mtu wa biri, na kilichomtisha hakikuwa ukungu.

“Jaji anakuja Ijumaa na wageni wake,” alisema. “Ataniuliza ni nani, na mimi nitampa jina. Chumba kile kina watu wawili tu. Kaniandikie ripoti: nani na kwa nini. Huyo aliyekosea hatabaki hapa.”

“Nitaandika nitakachokikuta,” Mizani alisema.

“Ndiyo sababu nimekupa wewe.”

Alianza na kipimo, kwa kuwa mpelelezi mzuri huanza na chombo chake. Kipimo cha unyevu kilikuwa saa ndogo ya shaba yenye mshale mmoja, imetundikwa ukutani usawa wa macho. Mshale ulisoma sabini. Mara moja kila mwaka Mizani alikihakiki kwa chumvi: chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, ikifungiwa pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, siku ya pili hutoa unyevu wa asilimia sabini na tano. Hapo huzungushwa skrubu ndogo ya nyuma mpaka mshale usimame kwenye sabini na tano. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alikuwa ameifanya wiki saba zilizopita, na daftari lilisema: *Chumvi, sawa.* Kwa hiyo kipimo kilikuwa sawa.

Akaenda kwenye maji. Sponji zilitiwa maji ya betri, yale safi yasiyo na chokaa wala vijidudu. Maji ya bomba yalikuwa mwiko. Baada ya kukihakiki kipimo na kukirudisha ukutani, mshale ulikuwa umesoma sitini tu, kavu mno, na Mizani akaagiza chupa mbili kila wiki badala ya moja. Wiki saba, chupa kumi na nne. Chupa kumi na nane zilikuwa zimeletwa. Kabatini zilitakiwa kubaki nne.

Zilikuwa kumi na mbili. Alizihesabu tena, kisha akazishusha zote sakafuni na kuzihesabu mara ya tatu.

“Shemeji, umetia chupa ngapi?”

“Sita. Wiki tatu za mwanzo, mbili mbili kama ulivyosema. Halafu nikaacha.”

“Ukaacha?”

“Sponji zilikuwa zinatiririka. Ukizibonyeza zinalia. Na huko nje mvua haikatiki. Nikasema tukiongeza tutafuga vyura humu ndani.”

“Mvua inanyesha nje. Chumba hiki hakina dirisha.”

“Kina mlango, shemeji. Tunaingia na kutoka.”

“Wiki nne bila hata chupa moja, na mshale haukushuka hata alama mbili. Maji hayo yalitoka wapi?”

Shemeji alishusha kitambaa begani. Uso ulikuwa umeanza kuacha kucheka. “Hayakutoka popote. Nakuambia zilikuwa zimelowa. Na hicho kipimo chenyewe, siku ile ya chumvi nilikwambia—”

“Kipimo kiache. Nakuuliza maji.”

“Basi nimeshakujibu maji.”

Mizani hakuwa na chuki naye. Tena alikesha na jambo hilo siku mbili akitafuta mlango mwingine wa kutokea, kwa ajili ya dada yake, na hakuuona. Mtu aliyetakiwa kutia chupa kumi na nne ametia sita. Unyevu haukupungua. Maji hayajizai. Kwa hiyo yametiwa maji mengine, na maji mengine yaliyokuwepo yalikuwa ya bomba, hatua kumi kutoka mlangoni. Halafu kulikuwa na lile jambo la mwaka juzi: siku moja maji ya betri yalipokwisha, shemeji alichota jagi la bomba akatia kwenye trei moja. Shemeji mwenyewe ndiye aliyekuja kumwambia, jioni ileile, akisugua shingo. Katika ripoti Mizani aliandika kosa na tarehe yake. Aliyelisema hakumwandika, kwa kuwa hakuona linahusu.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, sentensi kumi na tatu, bila neno moja la hasira. Hitimisho lilisema: *Chanzo ni maji ya bomba. Aliyetia maji ni msaidizi.*

Ijumaa saa nne shemeji aliitwa ofisini. Saa nne na robo alitoka, akavua aproni, akaikunja mara nne vizuri, akaiweka juu ya meza ya Mizani pamoja na ufunguo.

“Nilisomewa,” alisema. “Umeandika vizuri. Hata mimi nilitaka kuamini.”

Dada alimjia nyumbani Jumapili. Hakuketi. Alikuwa mdogo wake wa pekee. Ni Mizani aliyemfundisha kusoma saa kwa saa ya udongo aliyomfinyangia, miaka ile mama yao akiwa hai.

“Kaka, umemwandika mume wangu.”

“Nimeandika nilichokiona.”

“Ulimwona akichota bomba?”

“Sikumwona. Nilihesabu chupa.”

“Ulihesabu chupa.” Alitikisa kichwa taratibu. “Yeye anakwambia hakutia, chupa zinakwambia katia, ukaamini chupa. Mtu aliyekula nawe miaka kumi na mitano.”

“Dada, mimi nikianza kuandika kwa kumwangalia mtu usoni, kesho hakuna atakayeniamini.”

“Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Wewe umepima, ukakuta maji ndiyo mazito.” Akashika mlango. “Haya. Kaa na maji yako.”

Mizani aliona amesema kwa uchungu, na uchungu si hoja. Akarudi kazini Jumatatu.

Alisafisha kama inavyopaswa. Biri zilizoota mpaka kwenye ncha ya kuwashia, pale ukungu unapoingia ndani ya tumbaku, zilikuwa tano, akazitupa. Nne zilizoota juu ya ganda tu alizifuta moja moja kwa kitambaa laini chenye tone la spiriti, akazitenga kwenye kisanduku chao peke yao, mbali na zilizo nzima. Rafu alizifuta kwa spiriti, akaziacha wazi mpaka harufu ikaisha. Sponji za zamani alizichoma, akaweka mpya. Jaji aliambiwa kwamba mhusika ameshaondolewa, akavuta biri ya mtu mwingine, akaridhika.

Kisha Mizani akatia maji kwa mkono wake. Ya betri, chupa mbili kila wiki, Jumatatu moja na Alhamisi moja, na kila chupa aliiandika. Mshale ulipanda ukakaa sabini na moja. Mvua ziliendelea kunyesha. Hakubonyeza sponji yoyote. Hakuona sababu ya kubonyeza kitu ambacho kilikuwa kimepimwa.

Wiki ya tatu, Jumanne, alifungua kisanduku cha daktari wa meno, rafu ya pili. Manyoya. Akafungua cha mwenye kiwanda cha rangi. Manyoya. Visanduku vinne, rafu tatu, na kwenye kona ya mbao ya mwerezi, pale ambapo katika miaka kumi na tisa hakujawahi kuota kitu, doa la kijani la ukubwa wa sarafu.

Alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Shemeji hakuwepo. Maji ya bomba hayakuwepo. Palikuwa na mtu mmoja tu.

Mchana ule alivuka barabara kwenda kwa mfamasia, ambaye stoo yake ya dawa ilikuwa na kipimo cha unyevu, akakiazima. Akakitundika kando ya chake. Akatoka, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha ukumbini saa mbili kamili bila kusoma gazeti. Aliporudi, kipimo chake kilisema sabini na moja. Cha mfamasia kilisema themanini na moja.

Hapo ndipo alipoikumbuka ile siku ya chumvi, na aliikumbuka yote, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa cha namna hiyo. Chumvi huwekwa kwenye kifuniko cha chupa, na maji hudondoshewa tone kwa tone, mpaka iwe kama mchanga uliolowa. Haitakiwi kuyeyuka. Ikiyeyuka yote ikawa maji tu, unyevu wa mfukoni haukai tena kwenye sabini na tano. Hupanda mpaka themanini na kitu, na mtu akizungusha skrubu siku ya pili, anakifundisha kipimo kusema uongo mwaka mzima. Siku ile kidondoshea chake kilikuwa kimevunjika. Badala ya kungoja kingine alimimina kwa jicho, moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Na shemeji, aliyekuwa anafuta kioo cha mlango, aligeuka akasema, “Shemeji, hiyo chumvi mbona imelowa mno? Mwaka jana haikuwa hivyo.”

Naye alimjibu nini? Alimjibu, “Kazi yako ni vioo.”

Kwa hiyo mshale uliposoma sitini, chumba kilikuwa sabini, sawasawa kabisa. Yeye ndiye aliyeagiza maji yaongezwe. Na shemeji alipoacha kuyatia, alikuwa anakiokoa chumba asichoruhusiwa kukipima.

Aliandika ripoti ya pili jioni ileile, ukurasa na nusu, akaipeleka kwa meneja asubuhi. Meneja aliisoma akiwa amesimama.

“Unataka niifanyie nini hii?”

“Umrudishe kazini.”

“Arudi wapi? Umefanya peke yako wiki ya tatu sasa. Nimeshawaandikia wakubwa kwamba mtu mmoja anatosha, wamefurahi. Nafasi haipo.”

Ipo moja, Mizani alifikiri. Sentensi ilimjia kamili, na kiima chake na kiarifu chake: *Basi niondoke mimi, arudi yeye.* Ilifika mpaka nyuma ya meno. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na hakuna mahali pengine katika mji ule palipohitaji mtu anayejua unyevu wa biri. Hakuisema.

“Na hizi zilizoota sasa?” aliuliza.

“Masalia. Yule alichafua chumba kwa maji yake, uchafu haujaisha. Ndivyo nitakavyowaambia wenyewe.”

“Si kweli.”

“Sikukuuliza kama ni kweli. Wapo watu wanne leo watakaotaka jina, na lipo jina ambalo limeshatajwa. Tukiongeza la pili, itakuwa lako.” Akamrudishia karatasi, zikiwa zimekunjwa. “Nenda karekebishe kipimo chako.”

Mizani akaenda akarekebisha kipimo chake. Alitafuta kidondoshea kipya. Chumvi ilikuwa kama mchanga.

Jumapili aliichukua ripoti akaenda kwa dada yake. Walikuwa wamehama, nyumba ya zamani, ya vyumba viwili, ilikuwa na mpangaji mwingine, naye ndiye aliyemwelekeza. Kipya kilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la ghorofa tatu, chini kabisa, mlango ukitazama ukuta. Shemeji alikuwa amekaa kitandani, akijifunga bandeji kiganjani. Siku hizi alikuwa anapakia makreti ya soda kwenye malori.

“Karibu, kaka,” dada alisema, kwa sauti anayokaribishwa nayo mtu wa serikali.

Kiti kilikuwa kimoja. Mizani hakukikalia. “Nimekuja kusema nilikosea,” alisema. “Imo humu yote.” Akampa shemeji karatasi.

Shemeji alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Dada alisimama nyuma yake akisoma juu ya bega. Walisoma mpaka mwisho, kisha kidole kikarudi juu.

“Hapa umekosea.”

“Wapi?”

“Hapa. ‘Hakuna aliyegundua kasoro hiyo wakati huo.’ Mimi niligundua. Nilikwambia chumvi imelowa mno.”

Mizani alichukua karatasi. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameiandika sentensi ile mkono ukienda wenyewe, na alipoisoma mara tatu kabla ya kuipeleka hakuiona. Akatoa kalamu, akaiweka karatasi ukutani, akafuta, akaandika juu yake: *Msaidizi alitoa tahadhari. Haikusikilizwa.*

“Na ile ya bomba, ya mwaka juzi,” shemeji alisema. “Andika nani alikwambia.”

Akaandika.

“Haya. Sasa iko sawa. Meneja kasemaje?”

“Amekataa kuipokea.”

“Kwa hiyo hii ni ya nani?”

Mizani alifikiri, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. “Ni ya kumbukumbu,” alisema.

Shemeji alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha zamani, cha karibu, na ndicho kilichomchoma Mizani kuliko yote yaliyosemwa. “Kumbukumbu ninazo, shemeji. Zimejaa. Hii kaa nayo wewe, wewe ndiye unayesahau.” Akamrudishia.

“Na wewe ulimwambia akuondoe wewe?” dada aliuliza.

“Nani?”

“Meneja. Ulimwambia, kosa ni langu, niondoke mimi?”

Angeweza kudanganya. Hakuwa amezoea. “Sikumwambia.”

“Ulifikiria?”

“Nilifikiria.”

“Umeiandika humo?”

Aligeuza macho, na pale yalipoangukia, nyuma ya kichwa cha kitanda, ukuta ulikuwa na doa pana lililopanda kutoka sakafuni: jeupe pembeni, kijani katikati, lenye nywele. Juu yake zilining'inia sare za shule za watoto. Midomo ilimtangulia.

“Ukuta huo umeota ukungu. Kisogezeni kitanda, hewa ipite. Ufuteni kwa spiriti, si kwa maji, na hizo nguo mziondoe hapo.”

Dada alimtazama kama anayesoma saa.

“Anajua, kaka,” alisema. “Alikuwa anafanya kazi hiyo.”

Akamfungulia mlango. Ulikuwa umevimba kwa unyevu, na ilibidi shemeji ainuke kitandani amsaidie kuuvuta.